Pesa Unayowekewa na Mwajiri Ughaibuni Si Akiba

Binamu yangu ana bahasha ya kaki ndani ya sanduku lake, chini ya nguo. Ndani mna noti za Lebanon, jumla lira 600,000. Alipoingia Beirut mwaka 2018 kufanya kazi za nyumbani, hizo zilikuwa mshahara wa miezi miwili, yaani kama dola 400. Leo, kwa kiwango cha lira 89,500 kwa dola moja, hazifiki dola 7. Nauli ya basi kutoka kwao magharibi mpaka Nairobi haitoshi.

Huwa hazitupi. Anasema hiyo ndiyo risiti yake ya karo, maana alilipa kusoma.

Amenikubalia nisimulie bila kumtaja jina, na naandika nikiwafikiria wale wenzetu walio Riyadh, Doha, Dubai, Amman, au bado wako hukohuko Beirut. Pia nawaandikia ninyi mlio hapa nyumbani mnaosubiri SMS ya "umepokea" kila mwisho wa mwezi. Hoja yangu ni moja tu, na najua si wote watakubaliana nami: mshahara ambao haujafika mkononi mwako si akiba. Ni mkopo umempa mtu, na mara nyingi umempa bila riba, bila mkataba, na bila kujua.

Ilivyomwendea binamu yangu

Mshahara wake ulikuwa dola 200 kwa mwezi. Miezi ya kwanza alituma nyumbani kama kawaida. Halafu madam wake akamwambia, "Mbona unapoteza pesa kwa ada kila mwezi? Wacha nikuwekee. Ukienda nyumbani nitakupa zote pamoja." Ilionekana maneno ya busara. Huyu mama hakuwa mbaya, alimheshimu, na kule nyumbani kila alichotuma kilikuwa kinaliwa. Basi akakubali.

Miezi 14 ikapita. Hiyo ni dola 2,800, na kwa shilingi wakati ule ilikuwa karibu KSh 300,000. Alikuwa ameshapanga mabati, ng'ombe wa maziwa, na karo ya mtoto.

Julai 2020 akaomba pesa zake. Madam akamwambia dola hakuna, benki haitoi, chukua lira. Akahesabiwa kwa kiwango cha zamani, kama lira 1,500 kwa dola. Akapewa lira milioni 4.2. Kwa karatasi, deni limelipwa lote. Lakini mtaani dola moja ilikuwa inauzwa kama lira 8,000. Zile milioni 4.2 zilikuwa na thamani ya dola 525 hivi. Kutoka KSh 300,000 mpaka kama KSh 56,000, na hakuna mwizi aliyeingia nyumbani.

Nyingi zilikwisha kwa chumba na chakula wakati akingoja ndege. Zile 600,000 alizibakisha akiamini kiwango kitarudi. Hakikurudi.

Lebanon ilianguka vipi?

Ni vizuri tuelewe, maana watu husema "uchumi uliharibika" kama vile ni mvua imenyesha.

Tangu mwisho wa mwaka 1997, lira ya Lebanon ilikuwa imefungwa kwa dola: lira 1,507.5 kwa dola moja. Ukienda dukani unalipa kwa dola au kwa lira, yote sawa. Kwa zaidi ya miaka 20 kiwango hakikutikisika, mpaka watu wakasahau kwamba ni binadamu walikifunga na binadamu wanaweza kushindwa kukishikilia.

Ili kukishikilia, nchi ilihitaji dola mpya kila siku. Benki zikawa zinawavutia watu, hasa Walebanoni walio nje, kwa riba nono kwa amana za dola. Zile dola hazikukaa kwenye sefu. Sehemu kubwa zilipelekwa Benki Kuu na zingine zikakopeshwa serikali. Riba ya wa zamani ikawa inategemea amana za wapya. Ukisikia hivyo, unakumbuka zile "biashara" za mtandaoni ambazo zimewalia Wakenya wengi, si ndio?

Oktoba 2019 watu waliingia barabarani kuandamana na benki zikafunga milango kwa wiki mbili. Zilipofungua, kila benki ilikuwa na masharti yake: utatoa kiasi fulani tu kwa wiki, na kutuma nje ni ndoto. Machi 2020 serikali ikashindwa kulipa deni la dola bilioni 1.2. Agosti 4 mwaka huohuo, mlipuko wa bandari ukaibomoa Beirut. Benki ya Dunia ilikuja kusema mwaka 2021 kwamba msukosuko huo huenda ni mmoja kati ya mitatu mibaya zaidi duniani tangu katikati ya karne ya 19.

Dola zikawa za aina mbili. Zile za noti, au zilizoingia kutoka nje baada ya msukosuko kuanza, watu waliziita "fresh". Zile zilizokwama kwenye akaunti wakazibatiza "lollar": zinaonekana kwenye salio, lakini ukitaka kuzitoa unapewa lira kwa kiwango cha kukuumiza. Machi 2023 dola ilipita lira 100,000 mtaani. Mshahara wa mtu kama binamu yangu, kwa lira za zamani, ungekuwa dola 3.

Hata bima ya amana haikusaidia. Mwaka 2020 ilipandishwa kutoka lira milioni 5 mpaka milioni 75. Kwa kiwango cha zamani hiyo ni kama dola 50,000. Kwa kiwango cha leo haifiki dola 850. Bima ilibaki palepale, lakini sarafu yake ikayeyuka.

Mnyororo wa madeni

Kwa miaka miwili nilimlaumu yule madam. Siku hizi namwona tofauti kidogo. Huenda yeye mwenyewe alikuwa na dola benki na hakuweza kuzitoa. Benki nayo ilikuwa imempa Benki Kuu. Benki Kuu ilikuwa imezitumia kushikilia lira, na serikali ilikuwa imekula yake. Binamu yangu alidhani pesa zake ziko ndani ya droo ya chumba cha kulala. Kumbe zilikuwa mwisho wa mnyororo mrefu, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kabisa kwenye foleni.

Wenye nchi waliokwama walikuwa na mawakili, jamaa, na sauti. Mwaka 2022 wengine waliingia benki na silaha kudai pesa zao wenyewe. Mfanyakazi wa nyumbani Mkenya, ambaye viza yake iko mikononi mwa mwajiri chini ya mfumo wa kafala, na mara nyingi pasipoti pia, anadai wapi? Agosti 2020 tuliwaona dada zetu wamekaa nje ya ubalozi mdogo wa Kenya mjini Beirut wakiomba warudishwe nyumbani. Na wakati wa vita vya 2024, serikali yetu ilisema Wakenya kama 26,000 walikuwa Lebanon. Si watu wachache.

Basi hata mwajiri akiwa malaika, uaminifu wake hautoshi. Swali la kujiuliza ni hili: pesa yangu iko kwa nani, iko kwa sarafu gani, na naweza kuitoa leo?

"Lakini ada zitanimaliza"

Hili ndilo jibu la kwanza ninalopata, na utaniambia pia kwamba kampuni inayoishi kwa ada lazima iseme "tuma". Sawa. Mimi pia ningeshuku. Basi tupige hesabu.

Benki ya Dunia imekuwa ikiripoti kwamba kutuma dola 200 kuvuka mpaka hugharimu wastani wa kama asilimia 6 duniani. Hiyo ni dola 12. Kwa miezi 14 ni dola 168. Ni pesa, sikatai. Ni karibu mshahara wa mwezi mmoja. Lakini binamu yangu, kwa kuokoa dola 168, alipoteza dola 2,275.

Unaweza kupunguza ada bila kumwachia mwajiri. Linganisha njia mbili tatu kabla hujatuma, na usiangalie ada pekee. Angalia kiwango cha kubadilisha pia, kwa sababu wengine wanakuambia "ada bure" halafu wanakukata kwenye kiwango. Swali zuri ni, "Nikikupa hizi, nyumbani zitafika shilingi ngapi?" Ukiona mwezi mmoja mmoja ni ghali, tuma kila miezi miwili. Miezi miwili ukiipoteza utalia lakini utainuka. Miezi 14 ni maisha.

Ada ni kama bima ya gari. Mwaka ambao hukupata ajali unaona umetupa pesa. Lakini huwezi kuikata siku ya ajali.

"Nikituma wataila"

Hili ni gumu zaidi, na ndilo lililomfanya binamu yangu akubali ofa ya madam. Tusidanganyane. Kuna dada zetu waliotuma miaka mitano, wakarudi wakakuta msingi wa nyumba una nyasi. Kumwachia mwajiri kulikuwa ni kukimbia moto wa hapa na kuingia moto wa kule.

Dawa yake ni kujitumia wewe mwenyewe kwanza. Pesa iingie kwenye laini yako au akaunti yako ya benki, kwa jina lako. Baadaye ndipo sehemu ya familia itoke. Mpangilio huo ni mdogo lakini unabadilisha mazungumzo yote. Badala ya mama kukuuliza, "Zile nyingine nifanyie nini?" atajua kwamba tarehe 5 anapata kiasi fulani, basi. Dharura ikitokea mtaongea, lakini hazina si yake kuifungua.

Hii inahitaji maandalizi kabla hujapanda ndege:

- Fungua akaunti ya benki au ya sacco hapa Kenya ukiwa bado upo, na uiunganishe na laini yako. Kuifungua ukiwa mbali ni kazi.
- Laini yako ya Kenya iwe imesajiliwa kwa jina lako na kitambulisho chako, si cha shemeji. Enda nayo, na uitumie mara kwa mara. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, mtandao unaweza kuifunga.
- Namba ya siri isijulikane na mtu, hata ndugu unayempenda. Ukitaka mtu akusaidie, mtumie pesa yake kwa laini yake.
- Kumbuka kwamba akaunti ya pesa ya simu ina kikomo. Hapa Kenya kwa kawaida haibebi zaidi ya KSh 500,000. Hiyo ni njia na kituo, si ghala. Ikifika kiasi cha maana, isukume benki, sacco, au ile mifuko ya uwekezaji watu wanaita MMF.
- Weka nakala ya pasipoti, mkataba na kibali cha kuishi kwa simu na kwa mtu mmoja nyumbani unayemwamini. Huko nje, kutuma pesa kunataka karatasi.

Nyumbani nako si mbinguni

Nisikudanganye kwamba ukileta Kenya umemaliza. Benki tatu zilifungwa hapa kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, na kuna waliongoja pesa zao kwa miaka. Amana yako inalindwa na Shirika la Bima ya Amana mpaka KSh 500,000 kwa benki moja. Ukiwa na zaidi, zigawe kwenye benki mbili.

Na shilingi nayo ina mambo yake. Mapema mwaka 2024 dola ilifika karibu KSh 160. Kulikuwa na watu ughaibuni walioshikilia dola zao wakingoja ifike 200. Miezi michache baadaye ilikuwa kama 130. Aliyekuwa na dola 1,000 na akangoja, alipoteza KSh 30,000 kwa kujifanya mjuzi wa soko. Mimi ushauri wangu ni wa kizamani: tuma kwa ratiba, usitume kwa ubashiri. Kama unaweza kuweka sehemu kidogo kwa dola kwenye akaunti halali ya dola hapa nyumbani, weka. Isiwe yote, na isiwe kwa tamaa.

Ishara za kuangalia huko uliko

Sisemi Ghuba itaanguka kama Lebanon. Riyali ya Saudia imefungwa kwa 3.75 kwa dola tangu 1986, na nyuma yake kuna mafuta na akiba kubwa. Lakini mwajiri mmoja anaweza kufilisika hata nchi ikiwa tajiri, na ukiona haya, usingoje uthibitisho:

- Mjini kuna viwango viwili vya dola, cha benki na cha mtaani, na pengo linakua kila wiki.
- Mashine za benki zinaweka kikomo kipya cha kutoa, au foleni zinaanza asubuhi sana.
- Benki inakupa riba ya ajabu kwa amana za dola. Jiulize nani analipa.
- Mwajiri aliyekuwa analipa dola anaanza kulipa kwa sarafu ya nchi "kwa muda tu".
- Mshahara unachelewa, na jibu ni "nakuwekea".

Hapo fanya mambo matatu. Kwanza, dai mshahara wa kila mwezi kwa mwezi wake, na ikiwezekana iandikwe kwamba ni dola za noti, au thamani yake kwa kiwango cha mtaani cha siku ya malipo. Hayo maneno ya mwisho, "kiwango cha siku ya malipo", yangemwokoa binamu yangu. Pili, tuma kilichopo kabla ya kutafuta kilichokwama. Tatu, jihadhari na wa vichochoroni. Wakati wa msukosuko wanazaliwa wabadilishaji wa noti bandia na watu wa kukupigia simu kwamba wanaweza "kufungua" pesa zako ukiwapa namba ya siri au ada kidogo mbele. Hakuna afungue benki iliyojifunga kwa kupewa namba yako ya siri.

Na kama mwajiri atakataa? Hapo ushauri wa fedha unafika mwisho na haki za wafanyakazi zinaanza. Mtu aliyenyang'anywa pasipoti hana nguvu ya kujadili kiwango cha dola. Ndiyo maana namwambia kila anayeondoka: pigania hili la mshahara wa kila mwezi kwenye mkataba, ukiwa bado Nairobi na ajenti bado anakuhitaji. Mwezi wa kwanza ukilipwa na kutuma, umeweka desturi. Miezi mitatu ukikaa kimya, umeweka desturi nyingine.

Tarehe 5

Binamu yangu alirudi nje. Safari hii yuko Doha. Mwajiri mpya alimwambia maneno yaleyale, kwa upole uleule: "Wacha nikuwekee." Akamjibu, "Asante mama, lakini mimi hulipa karo tarehe 5."

Hakuna karo ya tarehe 5. Mtoto analipiwa kwa muhula. Lakini tarehe 5 simu yake ya Kenya inalia huko Doha, anaingiziwa kwa jina lake mwenyewe, na baada ya dakika chache ya mama yake inatoka. Zinazobaki zinaenda sacco. Ada anailipa na analalamika, kama sisi sote. Mabati yamepigwa mwezi uliopita.